Silia: Fagio za mwili na protini zinazoamrisha zijengwe

MTOTO anapozaliwa baada ya miezi tisa kamili, akiwa na uzani wa kawaida, kisha saa chache baadaye aanze kuhema kwa shida bila sababu bayana, madaktari huwa na orodha ndefu ya maradhi ya kushuku. Akikua huku akikohoa makohozi kila siku, pua ikichuruzika mwaka mzima na masikio yakitunga usaha mara kwa mara, wazazi huambiwa kwamba ana pumu, mzio, homa ya mapafu au kifua kikuu.

Mara nyingi dhana hizo huwa sahihi kwa kuwa maradhi hayo ni ya kawaida. Hata hivyo, wapo watoto ambao shida yao haikuanzia kwa viini vya maradhi wala vumbi. Ilianzia katika vinyweleo vidogo mno vilivyopaswa kuyasafisha mapafu yao. Vinyweleo hivyo huitwa silia.

Wengi wa wagonjwa hawa wana silia zilizojengwa vibaya. Lakini wapo wachache ambao silia zao karibu hazikujengwa kabisa, kwa sababu amri ya kuzijenga haikutolewa ndani ya seli. Makala haya yanaangazia amri hiyo: nani huitoa, hupitia wapi, na ni kwa nini upande ulipo moyo kifuani waweza kumdokezea daktari ni wapi amri hiyo ilikwama.

Fagio zisizolala

Njia ya hewa kutoka puani hadi ndani ya mapafu imetandazwa utando wa seli. Baadhi ya seli hizo hutoa ute unaonata, nao ute hunasa vumbi, masizi, bakteria na virusi tunavyovuta pamoja na hewa. Seli nyingine ndizo zenye silia, na kazi yake ni kuuondoa ute huo kabla haujaoza ndani.

Seli moja ya aina hiyo huwa na silia takriban 200. Urefu wa kila moja ni mikromita 6 au 7 hivi. Yaani, ukizipanga silia 150 moja baada ya nyingine, utapata urefu wa milimita moja tu.

Silia hizi hupiga zaidi ya mara 10 kwa kila sekunde, zikifuatana kwa mpango kama makasia ya mashua moja. Kwa kufanya hivyo husukuma ute polepole hadi kooni, ambapo mtu huumeza au kuutema bila hata kutambua. Kazi hiyo huendelea usiku na mchana.

Silia za namna hii hazipo mapafuni pekee. Zimo pia katika vyumba vya ndani ya ubongo, ambamo husaidia kusukuma maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Zimo katika mirija ya uzazi ya mwanamke, ambamo husaidia kulisafirisha yai. Hali kadhalika, mkia wa mbegu ya kiume umejengwa kwa ramani iyo hiyo.

Ukikata silia moja na kuitazama kwa hadubini ya elektroni, utaona vijibomba 9 vilivyo katika jozi vimeunda duara, na vingine viwili katikati. Kwenye jozi zile za pembeni kuna vikono vya protini iitwayo daineini, jina ambalo mwanasayansi Ian Gibbons na mwenzake waliipa mnamo 1965. Vikono hivyo ndivyo injini. Hutumia nguvu za seli kuvuta jozi moja dhidi ya nyingine, na silia ikajipinda.

Ili silia moja ikamilike, seli huhitaji mamia ya aina za protini. Kila protini ina jeni yake, na kila jeni lazima iwashwe kwa wakati wake. Hapo ndipo suala la amri linapoanzia.

Fumbo la moyo wa kulia

Mwaka 1933, daktari Manes Kartagener wa jijini Zurich, Uswisi, alieleza kuhusu wagonjwa wanne waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja. Mirija yao ya mapafu ilikuwa imepanuka na kuharibika, matundu ya mifupa ya uso yalikuwa na uvimbe wa kudumu, na viungo vyao vya ndani vilikuwa vimegeuzwa: moyo ulikuwa kulia na ini kushoto.

Kwa nini maradhi ya mapafu yaandamane na moyo uliohama upande? Hakuna aliyejibu swali hilo kwa miaka zaidi ya 40.

Mnamo 1976, Björn Afzelius wa Stockholm, Uswidi, alichunguza wanaume waliokuwa na mbegu zisizoweza kuogelea na waliosumbuliwa na mapafu. Aligundua kwamba silia za njia zao za hewa, sawa na mikia ya mbegu zao, hazikuwa na vikono vya daineini. Aidha, baadhi yao walikuwa na moyo upande wa kulia. Alipendekeza kwamba silia za kiinitete ndizo zinazosaidia mwili kuchagua upande wa kushoto na wa kulia.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1998, wakati Shigenori Nonaka, Nobutaka Hirokawa na wenzao nchini Japani walipochunguza viinitete vya panya. Kwenye kiinitete kichanga kuna kishimo kidogo ambacho seli zake zina silia moja moja. Silia hizo huzunguka na kusukuma maji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaoujulisha mwili upande wa kushoto ni upi.

Mwaka 2002 Nonaka na wenzake wengine walikwenda mbali zaidi. Walipoyalazimisha maji yatiririke kuelekea kulia, viungo vya viinitete vilijipanga kinyume.

Silia hizo zisipopiga, hakuna mkondo, na mwili hubaki kuchagua upande kwa bahati nasibu. Ndiyo maana takriban nusu ya watu wenye ugonjwa wa silia wa kuzaliwa nao huwa na viungo vilivyogeuka, na nusu nyingine huwa na moyo mahali pake pa kawaida.

Msomaji na aikumbuke tofauti moja: seli ya mapafuni ina silia mamia, ilhali ile ya kwenye kishimo cha kiinitete ina silia moja tu. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yatakayofuata.

Anayefungua kitabu

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu imebeba DNA ile ile, yenye jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya pua zina kitabu kimoja. Kinachozitofautisha ni kurasa ambazo kila moja inasoma.

Kazi ya kuchagua kurasa hufanywa na protini maalumu ambazo hujishikiza kwenye DNA karibu na jeni fulani na kuamrisha jeni hiyo inakiliwe. Nakala hiyo hutoka katika kiini cha seli na kutumiwa kama maagizo ya kutengeneza protini. Wataalamu huziita protini hizi vidhibiti vya unakili. Kidhibiti kimoja chaweza kuwasha mamia ya jeni kwa mpigo.

Kwa upande wa silia zinazopiga, kidhibiti mashuhuri zaidi huitwa FOXJ1. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17. Jina hilo halihusiani na mnyama yeyote. Linatokana na jeni ya inzi wa matunda ambayo ikiharibika, kichwa cha kiluwiluwi wake hufanana na uma.

Umuhimu wa FOXJ1 ulianza kudhihirika mwaka 1998. Watafiti nchini Marekani waliiondoa jeni hiyo kwa panya, na panya hao wakazaliwa bila silia katika njia ya hewa. Isitoshe, viungo vyao vya ndani vilijipanga ovyo, baadhi kushoto na baadhi kulia.

Utafiti mwingine wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba seli za panya hao zilikuwa na misingi ya silia, lakini misingi hiyo ilibakia ndani badala ya kupanda juu na kujipanga kwenye ukuta wa seli. Vifaa vilikuwapo, ila hapakuwa na wa kuvipanga.

Je, kidhibiti hiki pekee chatosha? Mnamo 2008 makundi mawili, moja nchini Singapore na jingine California, Marekani, yalichapisha majibu yanayofanana. Walipoilazimisha FOXJ1 ifanye kazi katika seli za samaki na za chura ambazo kwa kawaida hazina silia zinazopiga, seli hizo ziliota silia za aina hiyo. Amri ya protini moja iliamsha kiwanda kizima.

Mnyororo wa amri

Pamoja na nguvu zake zote, FOXJ1 si wa kwanza katika mnyororo. Katika utando wa njia ya hewa, hatua ya awali ni mazungumzo baina ya seli jirani, kwa kupitia mfumo wa mawasiliano uitwao Notch. Seli inayopokea ishara ya Notch huzuiwa kuota silia na huelekea kuwa ya kutoa ute. Ile isiyoipokea hupata nafasi ya kuwa ya silia.

Kwa njia hiyo utando hupata seli za ute na za silia kwa mchanganyiko unaofaa. Ute bila fagio ungekuwa tope tu, na fagio bila ute zisingekuwa na kitu cha kusukuma.

Seli ikishaepuka kizuizi cha Notch, protini mbili huingia kazini: GEMC1, kisha Multisilini, ambayo jeni yake huitwa MCIDAS. Multisilini ilielezwa mwaka 2012 na watafiti waliotumia viinitete vya chura, ambao ngozi yao ina silia nyingi na huchunguzika kwa urahisi.

La kushangaza ni kwamba Multisilini haijishikizi yenyewe kwenye DNA. Hujiunga na protini nyingine, zikiwemo E2F4 na E2F5, ambazo jamaa zake hujulikana kwa kuendesha kugawanyika kwa seli.

Huo ni ujanja wa kimaumbile. Seli inapogawanyika, hunakili vipande viwili viitwavyo sentrioli, na kila seli mpya hupata viwili. Seli ya silia haitagawanyika tena, lakini huazima mitambo ile ile na kutengeneza sentrioli mia moja na zaidi. Kila sentrioli hupanda hadi juu ya seli na kuwa msingi wa silia moja. Jeni moja inayosaidia kazi hii ni CCNO, ambayo ni jirani ya MCIDAS kwenye kromosomu ya 5.

Multisilini pia huiwasha FOXJ1. Nayo FOXJ1 hushirikiana na vidhibiti vya jamii ya RFX, hasa RFX2 na RFX3, kuziamsha jeni za daineini na za vipuri vinginevyo.

Mgawanyo wa kazi baina ya jamii hizi mbili unaonekana vyema kwa mnyoo mdogo ambaye wanasayansi hupenda kumtumia maabarani. Mnyoo huyo hana silia zinazopiga. Anazo zile zisizosonga, ambazo hutumia kuhisi mazingira yake. Anacho kidhibiti cha jamii ya RFX, lakini hana FOXJ1. Kwa maneno mengine, RFX husimamia ujenzi wa nguzo, ilhali FOXJ1 huongeza injini.

Mnyororo unapokatika

Sasa tulirejelee fumbo la moyo. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wenye dalili za ugonjwa wa silia walikuwa na kasoro katika jeni ya MCIDAS au ya CCNO. Badala ya silia takriban 200, seli za wenye kasoro ya MCIDAS zilikuwa na moja au mbili tu, na hata hizo hazikuwa na injini, kwa kuwa jeni zinazoamrishwa na FOXJ1 hazikuwa zimewashwa. Protini ya CCNO nayo haikuonekana, dalili kwamba hiyo pia hungoja amri ya Multisilini.

Licha ya hali hiyo, wagonjwa wa kundi hili hawana tatizo la viungo kugeuka. Sababu ni kwamba silia za kwenye kishimo cha kiinitete huwa moja kwa kila seli. Seli yenye silia moja haihitaji kuzalisha sentrioli mia, hivyo haihitaji Multisilini wala CCNO.

Mnamo 2019 watafiti waliripoti wagonjwa wenye kasoro katika FOXJ1 yenyewe. Hawa walikuwa na maradhi ya mapafu, maji yaliyojaa kichwani, na viungo ambavyo vingeweza kuwa upande wowote. FOXJ1 huhitajika mapafuni, kwenye ubongo na vilevile kwenye kishimo cha kiinitete, na ndiyo maana athari zake hutapakaa.

Tofauti ya pili inazihusu familia. Katika aina nyingi za ugonjwa huu, mtoto huugua iwapo amerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, nao wazazi huwa wazima. Kwa FOXJ1, kasoro katika nakala moja tu hutosha, na wagonjwa walioelezwa mwaka 2019 hawakuirithi. Ilijitokeza kwao upya. Wazazi wanaojiuliza iwapo mtoto wa pili ataugua hawawezi kupewa jibu moja kwa hali hizi mbili.

Kwa nini daktari hukosea

Kwa jumla ugonjwa wa silia ni nadra, lakini si nadra kama ilivyodhaniwa. Uchunguzi wa takwimu za kijeni uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba huenda ukampata angalau mtu 1 kati ya 7,500 hivi duniani, na haukuonyesha kwamba watu wenye asili ya Kiafrika wameepuka. Jeni zaidi ya 50 zimekwisha kuhusishwa nao.

Tatizo ni kwamba vipimo vyake huhitaji vifaa ghali: hadubini ya elektroni, kamera ya kasi ya kunasa mapigo ya silia, na uchunguzi wa jeni. Kipimo kingine hupima gesi ya oksidi ya nitriki puani, ambayo kwa wagonjwa wengi huwa kidogo mno.

Wale waliokosa amri ya ujenzi huponyoka hata mbele ya vifaa hivyo. Mtaalamu akitazama kipande cha utando wa pua na kukosa silia, hudhani kwamba kipande kilichukuliwa vibaya, au kwamba mafua ya juzi yameziangusha. Mgonjwa huambiwa arudi baadaye. Fagio zilizovunjika huonekana, lakini fagio ambazo hazikuwahi kuwapo hufanana na kosa la maabara.

Kosa la pili ni kudhani kwamba asiye na moyo upande wa kulia hana ugonjwa huu. Kama tulivyoona, nusu ya wagonjwa wana moyo mahali pake, na walio na kasoro ya MCIDAS au CCNO wote hawatarajiwi kuwa na viungo vilivyogeuka.

Athari za virusi na moshi

Ufahamu wa mnyororo huu unawahusu pia watu waliozaliwa wazima. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza virusi vinavyosababisha Covid-19 waliripoti kwamba virusi hivyo huzifanya seli za njia ya hewa kupoteza silia zake. Walibaini kwamba kiwango cha FOXJ1 hupungua kabla silia hazijatoweka.

Hali kadhalika, silia za wavutaji sigara zimepatikana kuwa fupi kuliko za wasiovuta. Ute wao huongezeka wakati huo huo ambapo fagio za kuuondoa zinafupika, jambo linalosaidia kueleza kikohozi chao cha kila asubuhi.

Ugonjwa wa kuzaliwa nao hauna tiba ya kuung'oa. Wagonjwa husaidiwa kwa mazoezi ya kila siku ya kutoa makohozi, dawa za kuua bakteria zinapohitajika, chanjo, na uangalizi wa masikio ili mtoto asipoteze uwezo wa kusikia na akachelewa kuongea. Mapema zaidi huwa bora zaidi, kwani mirija ya mapafu ikishaharibika hairudi ilivyokuwa.

Katika miaka ya hivi karibuni kumeanza majaribio ya kumvutisha mgonjwa nakala ya maagizo ya jeni aliyoikosa, ili seli zitengeneze kipuri kinachohitajika. Kurejesha kipuri kimoja ni rahisi kuliko kurejesha kidhibiti, ambacho hupaswa kuzungumza na mamia ya jeni kwa wakati na kiasi kinachofaa.

Kwa mzazi, dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto aliyehema kwa shida punde baada ya kuzaliwa ilhali alitimiza miezi yake, ambaye anakohoa makohozi kila siku tangu utotoni, na ambaye pua na masikio yake hayakauki, anastahili kuchunguzwa zaidi iwapo dawa za pumu na za kifua kikuu hazijamfaa, au vipimo vya maradhi hayo havijaonyesha kitu. Inafaa mzazi amweleze daktari historia hiyo yote kwa mpangilio, kuanzia siku ya kwanza, na aulize waziwazi iwapo silia zimefikiriwa.